Siku za likizo zilizolala ni deni. Zihesabu kabla hazijakuhesabu wewe

Somo la leo ni kwa mwenye mtu au watu wanaomsaidia kwenye biashara ya mtandaoni. Una dada wa kupokea oda, kijana wa kufunga mizigo, labda mmoja wa kukimbiza vifurushi stendi. Swali moja tu: kati yao, nani mara ya mwisho alienda likizo ya kweli, ile ya kukaa nyumbani bila kuulizwa bei ya kitu, akiwa analipwa?

Kwenye biashara zetu jibu huwa ni "mwaka jana alienda kwao kidogo". Hicho "kidogo" ndicho tunachokizungumza leo.

Likizo ya mwaka haiyeyuki kwa sababu hamjaizungumzia. Kila mwezi mfanyakazi anaokuwa na wewe, siku zinaingia upande wake. Usipompa, zinalala. Zikilala miaka miwili mitatu zinakuwa rundo, na rundo hilo mara nyingi linaibuka siku mbaya: siku anayoacha kazi, siku mliyogombana, au siku anayougua kwa uchovu katikati ya msimu wa Krismasi, na ni yeye peke yake anayejua mzigo upi wa nani.

Tuanze na sheria, maana wengi wanadhani hii ni habari ya makampuni makubwa. Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366. (Zanzibar wana sheria yao, Na. 11 ya 2005, kwa hiyo wenzetu wa huko someni ya kwenu.) Sheria haijasema uwe na wafanyakazi kumi ndipo ikuhusu. Mmoja anatosha, hata kama mlikubaliana kwa mdomo sebuleni kwako, hata kama ni mdogo wa mkeo.

Mfanyakazi anastahili likizo ya siku zisizopungua 28 mfululizo, yenye malipo, kwa kila mzunguko wa miezi 12. Siku hizo ni za kalenda, Jumapili zimo, na sikukuu ikiangukia humo nayo inahesabika. Ambaye hajafikisha miezi sita kazini bado hajaifikia likizo ya malipo. Ila wale vibarua unaowaita msimu, wanaondoka, unawaita tena, ukijumlisha vipindi vyao ndani ya mwaka vikazidi miezi sita nao wanaingia. Mshahara wa kipindi cha likizo unatakiwa alipwe kabla hajaondoka, siyo akirudi. Na akiwa likizo huruhusiwi kumfanyisha kazi.

Sasa hapa ndo penye jambo lenyewe. Tarehe ya kwenda likizo unaweza kuipanga wewe mwajiri. Hiyo nguvu unayo. Lakini ina mwisho: isizidi miezi sita tangu mzunguko uishe. Unaweza kusogeza hadi miezi 12 kama mfanyakazi amekubali NA kuna sababu ya kweli ya kikazi. Zaidi ya hapo hakuna. Kwa hiyo ile "tutaangalia mwakani" tunayoisema kila mwaka haina mahali pa kusimama.

Tuchukue mfano tuupigie hesabu, maana bila namba hili somo linapita tu juu juu.

Dada wa oda ameanza kazi kwako tarehe 1 Machi 2024. Mshahara 260,000 kwa mwezi, anafanya kazi siku sita kwa wiki. Mzunguko wake wa kwanza uliisha mwisho wa Februari 2025, wa pili mwisho wa Februari 2026. Katika mzunguko wa kwanza alienda kwao wiki moja, siku 7. Wa pili hajaenda kabisa.

Siku zake ni 28 + 28 = 56. Toa 7. Zimebaki 49, yaani wiki saba. Kwa mtu wa siku sita kwa wiki, hizo ni siku 42 za kazi.

Ili upate thamani ya siku moja, mshahara wa mwezi wa mtu wa siku sita unagawanywa kwa 26. 260,000 gawa 26 ni 10,000. Siku 42 ni shilingi 420,000.

Halafu mwisho wa Juni 2026 anakwambia, "Madam, nimepata kazi sehemu nyingine." Kuna miezi minne ya mzunguko mpya ambayo nayo ina haki yake. Kwa mtu anayeondoka sheria inahesabu mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Miezi minne ni kama siku 104 za kazi, gawa 13 unapata 8. Hiyo ni 80,000 nyingine. Jumla laki tano kamili, na hapo hujagusa mshahara wake wa mwezi huo. Laki tano kwa duka la Instagram la mtaji wa milioni mbili ni robo ya mtaji.

Kuna watu watanijibu hapa: zile siku 21 za mzunguko wa kwanza si zimepitwa na muda? Ni kweli, sheria ina kifungu kinachosema mfanyakazi ambaye hakuchukua likizo ndani ya muda uliowekwa hastahili kulipwa hizo siku anapoondoka. Wanaofurahia kifungu hiki ni wengi, na mimi nasema usijenge nyumba juu yake. Kwanza, hata ukikitumia kinagusa zile siku 21 tu, ambazo kwa siku za kazi ni 18, sawa na 180,000. Bado 320,000 iko pale pale. Pili, fungua WhatsApp yako usome mwenyewe. "Dada naomba usubiri Idi ipite." "Tutaongea baada ya Krismasi." "Sasa hivi oda ni nyingi mdogo wangu, vumilia." Meseji hizo na kwake zipo. Mtu aliyeomba akakataliwa si sawa na mtu aliyekaa kimya, na mkifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, utaulizwa nani alizuia.

Kuna kingine. Sheria inakutaka umpe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Ukifika kwenye shauri huna maandishi yoyote, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unakuwa wako wewe mwajiri. Yeye akisema "sijawahi kupewa likizo hata siku moja", wewe ndiye wa kuonesha kwamba alienda ile wiki. Utaonesha nini? Picha aliyoposti akiwa kijijini?

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni daftari. Huhitaji programu ya kompyuta. Kaunta buku, ukurasa mmoja kwa kila mfanyakazi: tarehe aliyoanza, mzunguko unaisha lini, siku alizostahili, siku alizochukua kuanzia lini mpaka lini, zilizobaki, sahihi yako na sahihi yake. Kila akienda na kurudi mnasaini wote. Kazi ya dakika tano.

Kwenye kuhesabu kuwa mkweli, usimkate siku zisizo za likizo ya mwaka. Akiugua, ile ni likizo ya ugonjwa, ina hesabu yake. Akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa kuzaliwa naye, babu au bibi, au mjukuu, ana siku zisizopungua 4 zenye malipo kwa mzunguko, nazo zina hesabu yake. Akijifungua, hivyo hivyo. Sheria inakataza kabisa kubadilisha likizo ya mwaka na likizo nyingine anayostahili. Nimeona sana hii: mtu kalazwa wiki nzima, akirudi anaambiwa "basi wiki hiyo tumeitoa kwenye likizo yako". Hapana.

Ukishahesabu, ukakuta siku 49 mbele yako, usiogope na usimwambie kesho aondoke wiki saba. Kaa naye. Mwoneshe daftari. Mwambie hizi ndizo siku zako, tupange zinavyoisha. Wengi hawajui kama wana siku hizo, na unaweza kudhani kumwambia ni kujichongea. Mimi naona kinyume. Mtu aliyeoneshwa haki yake na bosi wake mwenyewe hana haja ya kwenda kuitafuta kwa jirani.

Panga zile za zamani zitoke kwanza, na uzipange kwa msimu wa biashara yako, siyo kwa kubahatisha. Anayeuza nguo na viatu anajua Idi na Disemba haigusiki. Muuza madaftari na mabegi, Januari ndiyo mwaka wake. Ila kumbuka Ramadhani inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo ratiba ya likizo ya mwaka jana usiikopi ilivyo. Idi ya mwaka huu inaweza kukukuta mtu wako yuko Singida.

Kwa mfano wetu, dada wa nguo angeweza kwenda wiki tatu Aprili baada ya Idi, wakati masika ya Dar imekolea, bodaboda zinasumbua na wateja wenyewe wanaahirisha. Hapo mzunguko wa kwanza umesafishwa. Zile 28 za mzunguko wa pili zinatakiwa ziwe zimechukuliwa kufika mwisho wa Agosti, kwa hiyo Julai kuingia Agosti. Sheria imesema siku 28 mfululizo. Kama ninyi wawili mnaona wiki nne kwa mkupuo zitaua duka, mnaweza kukubaliana mbili Julai na mbili Agosti, lakini iwe ni makubaliano kweli, yeye amekubali, na imeandikwa. Kumgawia mtu likizo kwa siku mbili mbili, Jumatatu hapa Alhamisi pale, hiyo si likizo. Hawezi hata kufika kwao akarudi.

Andiko lenyewe linaweza kuwa fupi hivi, mkasaini nakala mbili:

"Leo tarehe ... tumehesabu likizo ya ... Amebakiwa na siku 49 hadi mwisho wa Februari 2026. Tumekubaliana atachukua siku 21 kuanzia tarehe ... hadi tarehe ..., na siku 28 kwa awamu mbili, kuanzia tarehe ... na tarehe ... Mshahara wa kipindi cha likizo utalipwa kabla ya kuondoka. Ikitokea dharura ya kusogeza tarehe, tutakubaliana tena kwa maandishi."

Na kuinunua je? Maana najua wengine mnawaza, "si nimpe tu hela tuendelee na kazi?" Sheria baada ya marekebisho inaruhusu mwajiri kulipa mshahara wa mwezi mmoja badala ya likizo. Angalia hesabu kwanza. Kumpa mtu wetu mapumziko hakukuongezei mshahara, ni ule ule wa mwezi ambao ungeulipa. Kumnunulia likizo ni 260,000 juu ya mshahara wake wa mwezi huo, na bado mtu amechoka vile vile, na mwakani siku 28 nyingine zinakuja. Mara moja, mkiwa mmebanwa kweli, sawa. Ikiwa ndiyo desturi ya duka, unalipa hela nyingi upate mfanyakazi mwenye hasira kwa wateja.

Gharama halisi ya likizo ni mtu wa kushika nafasi yake. Hii watu hawaiwekei akiba ndiyo maana inawashtua. Kwa mshahara wetu wa mfano, likizo ya mwaka mzima ni siku 24 za kazi, yaani 240,000. Gawa kwa miezi 12, ni 20,000 kwa mwezi. Weka hiyo elfu ishirini pembeni kila mwezi kwa kila mfanyakazi, kwenye kibubu au laini nyingine ya simu, popote pasipochanganyika na hela ya mzigo. Akienda likizo inamlipa wa muda. Akiacha kazi inalipa siku zake. Ukiwa nao watatu ni elfu sitini, na ukishindwa kabisa kuitoa, basi angalia tena kama bei zako zinabeba mishahara unayolipa.

Lakini tuseme ukweli. Kwa wauzaji wa mtandaoni hela siyo kinachotuzuia kuwapa watu likizo. Kinachotuzuia ni kwamba duka liko kichwani mwa huyo mtu. Yeye ndiye anajua mteja wa Mbeya amelipa nusu. Namba za wateja ziko kwenye simu yake binafsi. Nywila ya ukurasa anayo yeye. Bodaboda wanamjua yeye. Akiondoka wiki moja, duka linapofuka. Basi usimlaumu yeye kwa siku zilizolala, umemfunga mwenyewe.

Wiki mbili kabla ya likizo anza kuhamisha duka kutoka kichwani kwenda kwenye karatasi. Namba ya biashara iwe ya biashara, kwenye WhatsApp Business, na laini iwe imesajiliwa kwa jina lako. Simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vingine hadi vinne, kwa hiyo atakayeshika nafasi anaanza kusoma meseji mapema akiona mwenzake anavyojibu. Yale maswali ya kila siku, bei, saizi, nauli ya kutuma mkoani, yawekwe kwenye majibu ya haraka. Oda ambazo hazijaisha ziandikwe zote: jina, mzigo, amelipa ngapi, anadaiwa ngapi, unatumwa kwa basi gani. Stoku mhesabu pamoja, wewe, yeye na anayempokea, mkasaini. Nywila badilisha akiondoka na badilisha tena akirudi, iwe ni utaratibu wa wote, hata wa mdogo wako, ili asiwepo wa kujiona anatuhumiwa.

Kuhesabu stoku kabla ya likizo kuna faida nyingine ambayo wenye mabenki wanaijua siku nyingi. Benki nyingi duniani humtaka mtu anayeshika fedha aondoke wiki mbili mfululizo kila mwaka, kwa sababu udanganyifu mwingi unahitaji mwenyewe awepo kila siku kuufunika. Kwetu ni ile namba ya malipo isiyo yako ambayo wateja wachache wamekuwa wakitumiwa, au mizigo "iliyorudishwa" ambayo haipo kwenye rafu. Mtu asiyetaka kabisa kwenda likizo, miaka mitatu, anakataa mpaka unamshangaa, anaweza kuwa mchapakazi tu. Anaweza pia kuwa anaogopa ukimpata mwingine humrudishi, na hiyo ndiyo sababu ninayoisikia mara nyingi zaidi. Muulize taratibu. Mhakikishie nafasi yake, umwandikie tarehe ya kurudi. Kisha aende.

Akishaenda, mwache. "Samahani mdogo wangu, ule mzigo wa Tabora uliuweka wapi?" Ukiuliza mara moja, kesho utauliza tena, na wiki ikiisha atakuwa amejibu wateja kumi akiwa shambani kwa mama yake. Sheria imekataza mfanyakazi kufanyishwa kazi akiwa likizo, na siku ya kubishana atasema hakuwa likizo, na skrinshoti atakuwa nazo. Kama umesahau kitu, kipekue kwenye daftari la makabidhiano. Kama hakimo, andika pembeni kwamba mwakani kiwemo.

Wasomaji wetu wa Kenya, kwenu ni Sheria ya Ajira ya 2007, na hesabu yake ni tofauti. Ni siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Mkikubaliana kuzigawa, sehemu moja iwe angalau wiki mbili za kazi mfululizo ndani ya mwaka huo, isipokuwa mmekubaliana vingine, na zinazobaki zichukuliwe kabla ya miezi 18 kupita tangu mwaka huo uishe. Anayeondoka akiwa ametimiza miezi miwili au zaidi anahesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliomaliza. Mengine yote ya daftari na makabidhiano ni yale yale.

Mwisho, kwa ambaye mfanyakazi wake ameshaondoka na siku zake zimebaki. Usisubiri barua. Piga hesabu kama tulivyopiga hapo juu, mpigie, mwoneshe ulivyozipata, mkubaliane. Kama huna zote, sema utalipa kwa awamu ngapi na lini, mwandikiane. Madai ya aina hii yanapelekwa CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Kuna wanaokaa kimya wakizihesabu hizo siku ziishe. Mtu aliyekuwa anajibu DM zako miaka miwili anawajua wateja wako wote kwa majina, na wasambazaji wako wa Kariakoo pia.

Kwenye maoni andika tarehe aliyoanza mfanyakazi wako, siku alizokwisha kuchukua na siku anazofanya kazi kwa wiki. Usiandike jina lake wala mshahara. Tutakupigia hesabu ya siku zilizobaki.